Ng'ombe wa nani sebuleni: Cooper, Bonheur au Graham?

Mjomba wangu amefuga miaka arobaini na ushei. Mwaka jana aliuza ng'ombe wake wa mwisho, akahamia mjini kwa binti yake, na baada ya kitanda na redio, kitu alichoomba ni picha ya ng'ombe ya kutundika sebuleni. Hakutaka picha ya simu iliyokuzwa, wala kalenda ya duka la dawa za mifugo. "Nitafutie iliyochorwa kwa mkono, mpwa wangu, na mtu anayewajua," aliniambia. Mimi nafundisha kuchora, kwa hiyo mzigo ule ulikuwa wangu kwa haki.

Nilimpelekea nakala tatu zilizochapishwa kwenye karatasi nzito, nikazitandaza mezani. Zote ni za karne ya 19, enzi ya Malkia Victoria, wakati matajiri wa Uingereza walipopenda sana kutundika ng'ombe ukutani. Ya kwanza ilikuwa ya Thomas Sidney Cooper wa Canterbury, aliyechora ng'ombe maisha yake yote. Ya pili ya Rosa Bonheur, Mfaransa ambaye Waingereza walimpenda kama mtu wao. Ya tatu ya Peter Graham, Mskoti wa milima na ukungu.

Mjomba alizikagua kama mnunuzi wa mnadani. Macho yake hayakuanzia usoni. Yalianzia kwenye kwato, yakapanda miguu, yakapita mgongoni, yakashuka kwenye kiwele, ndipo aliporudi nyuma hatua mbili akaitazama picha nzima. Nimeazima utaratibu wake kwa ulinganisho huu, kwa ajili ya yeyote mwenye ukuta mtupu na hamu kama yake, na kwa wanafunzi wangu wanaouliza kila mwaka wamwige nani wanapoanza kuchora mifugo.

Cooper na ng'ombe aliyeshiba

Cooper alizaliwa Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, Septemba 1803. Baba aliitelekeza familia, mama akabaki na watoto na umaskini. Kijana alianza kazi kwa kupaka rangi magari ya farasi, baadaye akachora mandhari za jukwaa la maigizo. Alipotimiza miaka 20 alikwenda London, akachora sanamu za kale katika British Museum na kupokelewa kusoma Royal Academy, chuo na chama cha wasanii cha London, kisha akarudi kwao kufundisha. Mwaka 1827 alivuka bahari hadi Brussels, na huko ndiko ng'ombe walikomwingia moyoni. Alikutana na Eugène Verboeckhoven, bingwa wa kuchora wanyama, akaanza kuwasoma wachoraji Waholanzi wa karne ya 17, hasa Paulus Potter na Aelbert Cuyp. Mapinduzi ya Ubelgiji ya mwaka 1830 yakamrudisha London, safari hii akiwa na familia na ufundi mpya.

Urithi wa Waholanzi hao unaonekana kwake waziwazi. Potter alichora mwaka 1647 fahali kijana karibu kwa ukubwa wake halisi, na hata nzi wanaomzunguka hakuwaacha. Picha hiyo iko Mauritshuis, mjini The Hague, na mbele yake mtu anaelewa kwamba mnyama anaweza kuwa mwenye picha kama alivyo mfalme. Cuyp yeye alikuwa na ile nuru ya jua la jioni inayopita chini chini, ikawapaka dhahabu migongo ya ng'ombe waliosimama majini. Cooper aliyachukua yote mawili akayapeleka kwenye malisho ya mto Stour, ile nchi tambarare inayouzunguka mji wake.

Nakala niliyomchapishia Mjomba ni ya aina ile aliyoichora mara nyingi kuliko zote: ng'ombe wanne kando ya maji, wawili wamesimama, wawili wamelala, kondoo wachache pembeni, mstari wa upeo uko chini kabisa, na anga limechukua zaidi ya nusu ya picha. Mjomba aliinama juu yake muda mrefu. Ng'ombe aliyelala amekunja mguu wa mbele chini ya kifua na uzito wote umeelemea nyonga moja, kama ng'ombe wanavyolala kweli wanapocheua, si kama mbwa. Mfupa wa nyonga unasukuma ngozi kwa ndani. Taya la yule wa pili limekwenda kando kidogo. "Huyu hajakamuliwa tangu asubuhi," Mjomba alisema, akigusa kwa kidole kiwele cha yule aliyesimama. Kisha akapitisha kidole mgongoni na kushangaa kutokuta nundu. Hawa ni ng'ombe wa Kiingereza wa pembe fupi, wekundu, weupe na wa mchanganyiko, na migongo yao imenyooka kama meza. Kwa mtu aliyefuga zebu inachukua dakika kadhaa kuuzoea mgongo huo.

Kwa mwili wa ng'ombe, basi, sioni wa kumshinda Cooper kati ya hawa watatu. Tangu mwaka 1833 hadi 1902, mwaka aliofariki akiwa na miaka 98, hakukosa hata mara moja maonyesho ya kila mwaka ya Royal Academy. Kazi 266 kwa jumla. Malkia mwenyewe alimtuma achore ng'ombe wake wa Jersey, na watu wakamwita kwa jina la utani la Cooper wa Ng'ombe. Mtu akitazama kitu kimoja kwa miaka sabini, mkono wake unajua mambo ambayo maneno hayajui.

Lakini miaka sabini hiyo ina upande wake mwingine. Cooper alijirudia. Picha za uzeeni ukizipanga kumi ukutani, utaona ng'ombe yule yule mwekundu akihama kutoka kushoto kwenda kulia, na nuru ile ile ya saa kumi na moja jioni. Rangi nayo inakuwa laini mno, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Ndiyo maana anayemchagua Cooper namshauri atafute kazi zake za miaka ya 1830 na 1840, alipokuwa bado na njaa ya kuona. Jumba la sanaa la Tate, Uingereza, lina moja ya wakati huo, ya saa ya kukamua katika uwanja wa shamba karibu na Canterbury, aliyoionyesha mwaka 1834. Humo kazi ya shamba bado imo.

Kuna jambo jingine la kukagua. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1840 Cooper alishirikiana kwa muda mrefu na Frederick Richard Lee, mchoraji wa mandhari. Lee alichora miti, mto na anga, Cooper akaja baada yake kuingiza ng'ombe. Thomas Creswick pia alifanya naye hivyo. Picha hizo ziliuzwa vizuri, na baadhi zinapendeza kwa mbali. Mimi hunisumbua nikisogea. Angalia chini ya kwato: je, nyasi zimelala? Je, kivuli kinakwenda upande ule ule wa vivuli vya miti? Ng'ombe halisi huacha alama popote anaposimama, hukanyaga, huchafua, hung'oa majani kando ya maji hadi udongo unabaki wazi. Katika baadhi ya picha hizo za ubia ng'ombe wamewekwa juu ya majani kama vikombe juu ya kitambaa cha meza. Nilimwonyesha Mjomba mojawapo kwenye simu bila kumweleza habari ya ubia. Alitikisa kichwa akasema, "Hawa wameletwa leo."

Na kuna utulivu. Mwaka 1865 sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Uingereza kwa meli iliyoleta ng'ombe kutoka Urusi ya Baltiki, ikasambaa kutoka soko la mifugo la London, na ndani ya miaka miwili ikaua zaidi ya ng'ombe laki mbili. Wafugaji walizuiwa kuhamisha mifugo, makundi mazima yakachinjwa na kufukiwa. Ni ugonjwa ule ule ambao miaka ishirini na tano baadaye ulishuka kutoka Pembe ya Afrika ukafagia ng'ombe wa Wamasai na wa majirani zao wengi. Wazee wa Mjomba walikuwa bado wanalitaja jina la sotoka kwa sauti ya chini yeye alipokuwa mtoto, ingawa dunia ilikuja kutangazwa imelishinda gonjwa hilo mwaka 2011. Katika picha zote za Cooper nilizowahi kuziona, sijakuta mahali ambapo hofu hiyo imeacha hata doa. Malisho yake hayana kupe, hayana ukame, hayana deni. Aliyezinunua alikuwa mtu wa mjini anayetaka kurudi kutoka kiwandani au benki na kukuta amani ukutani. Silaumu. Baba wa familia anayetaka sebule ya kupumzikia ana haki ya amani hiyo. Ila ajue kwamba ndiyo anayoinunua.

Bonheur na ng'ombe kazini

Picha ya pili haihitaji kubembelezwa. Mwaka 1848 serikali ya Ufaransa ilimwagiza Rosa Bonheur picha ya kulima kwa faranga 3,000, naye akaionyesha mwaka 1849 akiwa na miaka 27. Inaitwa kwa jina la mkoa wa Nivernais, katikati ya Ufaransa, na leo iko Musée d'Orsay, Paris. Upana wake ni sentimita 260, kimo 134. Maksai sita wanavuta plau kupanda mteremko, na nyuma yao jozi nyingine za maksai zinafuata na plau la pili. Wengi ni weupe wa Charolais, vifua vipana, mate yanawaning'inia. Mbele kabisa, karibu nasi, hakuna mtu wala mnyama. Kuna udongo tu, uliokatwa na kugeuzwa, mabonge mekundu ya kahawia yanayong'aa pale chuma kilipopita.

Mjomba alihesabu maksai kwa sauti. Akatafuta mwenye fimbo, akamwona, mfupi kuliko mifugo yake, karibu kumezwa na miili yao. Kisha akanyamaza kabisa. Huko Usukumani alikozaliwa, plau la ng'ombe lilikuwa tofauti ya shamba la kula na shamba la kuuza. Anajua sauti ya mnyororo unaokazika, na anajua kwamba maksai wa mbele kushoto ndiye anayebeba akili ya wote. Alinionyesha maksai mmoja anayetutazama kwa jicho pana, jeupe pembeni. "Huyu amechoka, lakini si mvivu," alisema. "Huyu ningemnunua."

Bonheur alifikaje hapo? Alizaliwa Bordeaux mwaka 1822, baba yake akiwa mchoraji na mwalimu wake wa kwanza. Hakuridhika na kutazama wanyama kwa nje. Alikwenda kwenye machinjio ya Paris kujifunza mifupa na misuli, msichana peke yake katikati ya wachinjaji, damu hadi kwenye viatu. Kwa ajili ya kazi hiyo na ya kuzunguka minadani alipata kibali cha polisi cha kuvaa suruali, kwa kuwa sheria ya Paris ilimkataza mwanamke kuvaa mavazi ya kiume. Alifuga mwenyewe, akanunua nyumba kubwa karibu na msitu wa Fontainebleau na kuijaza wanyama. Mwaka 1865 akawa msanii wa kwanza mwanamke kupewa nishani ya Légion d'honneur. Waingereza walimjua hasa kwa picha yake kubwa ya mnada wa farasi, ambayo leo iko Metropolitan Museum, New York, na iliyotembezwa Uingereza mwaka 1855 hadi Malkia Victoria akaiona. Mwaka uliofuata alifika Uskoti, akarudi na michoro ya ng'ombe wa nywele ndefu ambayo wanunuzi wa Kiingereza walimgombania.

Tukirudi kwenye kipimo cha Mjomba: kwa mwili, Bonheur yuko karibu sawa na Cooper. Cooper anamzidi kwa ng'ombe aliyepumzika, Bonheur anamzidi kwa ng'ombe anayevuta. Ukitaka kuona tofauti, angalia bega. Kwa Cooper bega ni umbo linaloshika nuru. Kwa Bonheur bega ni mahali nguvu inapopita kwenda kwenye mnyororo. Kwa ardhi, Bonheur anashinda bila ubishi, maana ule udongo ni nusu ya picha na ndiyo sababu ya wote kuwapo hapo. Kwa watu pia anashinda, ingawa kuna wanaosema wakulima wake ni wadogo mno na hawana nyuso. Naielewa hoja yao. Lakini mtu anayelima kwa plau hatazami mbele. Anatazama chini, anatazama mstari wake, na kwa atazamaye kutoka kando yeye ni kofia na mgongo tu.

Kasoro yake kwangu ni anga. Ni safi mno, samawati ya asubuhi ambayo haijawahi kumnyeshea mtu. Picha yenye kazi nzito namna hii ingestahili wingu.

Graham na ng'ombe wasio na mwenyewe

Wingu liko kwa Peter Graham, tena tele. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1836, na mwaka 1866 alivuma London kwa picha ya mto uliofurika katika milima ya Uskoti, ambayo sasa iko Manchester Art Gallery. Baada ya hapo aliishi kwa mambo mawili: majabali ya bahari yenye ndege, na ng'ombe wa milimani wanaotokeza kwenye ukungu. Aliingizwa kuwa mwanachama kamili wa Royal Academy mwaka 1881 na kufariki mwaka 1921.

Ng'ombe wake ni wale wa Uskoti, wafupi, wenye pembe ndefu zilizopinda juu na nywele zinazofunika macho. Wako watano au sita, njia yenye matope, vilele vinatokea na kupotea, mvua imetoka kupita au iko karibu kuja. Kwa hali ya hewa hakuna wa kumgusa. Unaweza kuuhisi unyevu wa nywele zile. Kwa mwili ndipo anapokwepa: nywele ndefu na ukungu huficha goti, nyonga na bega, na mwanafunzi anayemwiga Graham kabla ya kujua mifupa atajifunza kuficha asichokijua. Nimeyaona hayo darasani mara nyingi na sasa namkataza kila anayeanza.

Mjomba aliisifu mvua. Aliangalia kwato, zilikuwa ndani ya tope, akaridhika. Akarudi nyuma hatua mbili. Kisha akauliza: "Wenyewe wako wapi?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake linaumiza. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 hadi katikati ya ile ya 19, wenye ardhi wa milima ya Uskoti waliwafukuza wapangaji wao, familia zilizofuga ng'ombe weusi na kulima vipande vidogo mabondeni, ili kuwapangisha wafugaji wakubwa wa kondoo. Katika bonde la Strathnaver mwaka 1814 nyumba zilichomwa moto ili watu wasirudi. Maelfu walisukumwa pwani au kupakiwa melini kwenda Kanada na Australia. Zamani ng'ombe wa milima hiyo walishushwa kwa miguu hadi mnada mkubwa wa Falkirk, wakiongozwa na wachungaji waliolala nje pamoja nao. Reli na meli za moshi zikaimaliza safari hiyo. Mwaka 1852 familia ya kifalme ilinunua Balmoral, kasri la huko milimani, na milima iliyokuwa imetolewa watu ikawa fasheni kwa mapumziko na kuwinda paa. Wenye viwanda wa Manchester na kwingineko wakataka kipande chake ukutani: milima, ukungu, ng'ombe, na kimya.

Sisemi Graham alikuwa na nia mbaya. Aliipenda nchi yake na aliichora kwa uaminifu kama alivyoikuta. Lakini kwa sisi ambao tumesikia, hapa kwetu pia, malisho yakielezwa kuwa mazuri kwa sababu hayana watu, picha hizi haziwezi kuwa mandhari tu. Nilimsimulia Mjomba habari za Strathnaver. Aliigeuza nakala ile kifudifudi mezani, taratibu, kama mtu anayefunika chakula, na hatukuizungumzia tena siku hiyo. Mimi bado naipenda. Iko juu ya meza yangu ya kazi, na kila ninapoiona nalisikia lile swali.

Anayevutiwa na ng'ombe hao wa nywele ndefu lakini anataka mchoraji aliyewajua kwa kuwalisha, amtafute Joseph Denovan Adam. Mwaka 1887 alihamia Craigmill, karibu na Stirling, akafuga kundi lake mwenyewe la ng'ombe wa milimani na kufungua shule ambamo wanafunzi walichora mbele ya mnyama hai anayepumua, anayepiga mkia na kukataa kutulia. Kazi zake kadhaa ziko katika makumbusho ya Smith mjini Stirling. Laiti ningemjua mapema, ningempelekea Mjomba yeye badala ya Graham.

Sasa uchague yupi

Kama unajifunza kuchora, anza na Cooper, wala usisite. Chukua picha zake za mapema, chora ng'ombe aliyelala mara ishirini kwa penseli bila rangi, hadi uweze kuonyesha ardhi inavyoupokea uzito. Ukishaweza hilo, nenda kwa Bonheur ujifunze uzito unaohama. Graham aje mwisho kabisa, kwa ajili ya anga.

Kama picha ni ya chumba cha kulala, cha mgonjwa, au cha mzee anayehitaji kutulia, hapo pia Cooper. Amani yake inaweza kuwa ya kununuliwa, lakini inafanya kazi, na ng'ombe wake wanavumilia kuchapishwa kwa udogo kwa sababu maumbo yako wazi. Graham akipunguzwa anakuwa doa la kijivu. Anahitaji ukubwa na dirisha karibu. Bonheur anahitaji ukuta mrefu, maana picha yake ni karibu mara mbili kwa upana kuliko kimo, na juu ya kabati au kati ya milango miwili itabanwa.

Mwenye nafasi ya kuziona zenyewe, hasa ndugu zetu walio Uingereza, asiache. Treni ya kasi kutoka London hadi Canterbury ni takriban saa moja. Katika makumbusho ya Beaney, barabara kuu ya mji, kuna mkusanyo mkubwa wa Cooper, na ndani yake picha kubwa ya fahali ya mwaka 1874 ambayo jina lake kwa Kiswahili lingekuwa «Wametengana, Hawajaachana». Fahali yule ni jibu la Cooper kwa Potter, baada ya karne mbili na zaidi. Mtaa wa St Peter's, hatua chache kutoka hapo, ndiko alikozaliwa na ndiko alikojenga shule ya sanaa kwa heshima ya mama yake, akaikabidhi kwa mji mwaka 1882. Bonheur anapatikana hata London kwenyewe: National Gallery wana toleo dogo la ule mnada wa farasi.

Anayefikiria kununua picha halisi ya mafuta yenye jina la Cooper asitoe fedha kabla ya mtaalamu kuiona. Alighushiwa sana akiwa bado hai, na picha hizo za kughushi hazikufa pamoja naye. Kwa nakala za kuchapisha hakuna kikwazo: wachoraji wote hawa wamefariki zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na makumbusho mengi yameweka picha zao mtandaoni kwa ubora wa kutosha. Chapisha kwenye karatasi isiyong'aa. Sebule zetu zina jua kali na taa nyeupe, na kioo juu ya karatasi inayong'aa kitakuonyesha dirisha badala ya ng'ombe.

Mjomba alichukua Bonheur. Nilitegemea Cooper, na nilikuwa nimeshapima fremu yake kichwani. Alisema wale wa Cooper ni ng'ombe wazuri wa mtu mwingine, na wale maksai ni kama wake. Nikaipeleka kwa fundi wa fremu mtaani, na hapo nikakutana na tatizo ambalo nawe utakutana nalo: fremu alizokuwa nazo tayari hazikuwa na urefu ule, naye akashauri akate sehemu ya chini, ule udongo mtupu, kwa kuwa "hauna kitu". Nilikataa, nikalipia fremu ya kuundwa upya na kusubiri siku nne. Basi mwambie fundi wako mapema, kabla hajashika mkasi: udongo usiguswe. Mjomba alipoipokea alisimama mbele yake bila kusema, akautazama ule mstari wa plau kutoka mwanzo hadi mwisho, kisha akaniomba nimsogezee kiti karibu.